Bamba la Mjomba Masunga

Mbeya, 11 Februari 2024

Mjomba Masunga,

Shikamoo. Mpe Mama Mboje shikamoo yangu pia, na Bibi Ng'washi mwambie mwangaluka. Mboje naye msalimie, mwambie nasikia amenenepa tangu aanze kuuza dengu.

Mimi ni mzima. Huku Mbeya mvua haikatiki na nguo hazikauki. Nimejifunza kuvaa soksi zenye unyevu bila kulalamika. Natumaini huko pamba imeota vizuri.

Najua utauliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Tukiongea kwa simu nasikia kelele za grainda tu, na wewe unajibu "sawa, sawa" hata pale ambapo sijauliza kitu. Tena jambo lenyewe lina vipimo, na vipimo vinataka karatasi.

Mwaka huu wa mwisho kundi letu chuoni limepewa kazi ya kugeuza gari la mafuta liwe la umeme. Tumepata kipikapu cha zamani kilichokuwa kimelala nyuma ya karakana mpaka kuku wakawa wanatagia ndani. Injini tumeitoa. Mahali pake tunaweka mota ya umeme, na betri zitakaa nyuma. Shida ni kwamba mota na giaboksi vilitengenezwa mbalimbali, na havijuani. Katikati yake panatakiwa bamba nene la chuma lenye matundu ya kuifunga mota ndani na matundu ya kulifunga giaboksi nje, na yote yakae mahali pake kabisa. Betri nazo zinataka vitanda vya chuma. Vitu hivi huwezi kuvikuta dukani, lazima vitengenezwe kwa ajili ya gari hili moja.

Mashine ya chuo ya kukatia vyuma ni mbovu. Salvatory, kiongozi wa kundi letu, alitaka kazi ipelekwe kwenye karakana moja ya hapa mjini. Mimi nikanyoosha mkono nikasema nina mtu wangu Bariadi. Nilisema mengi, mjomba. Niliwaambia habari za mkokoteni wa mzee Bujiku uliouunga upya, ambao mpaka leo unabeba pamba. Wakakubali, na sasa vyuma vyote vya gari viko chini ya jina langu.

Tuanze na vitanda vya betri. Humu kwenye kifurushi nimeweka maboksi niliyoyakata kwa ukubwa ule ule, na alama za matundu nimezitia kwa penseli. Bamba litafuata.

Neno la mwisho. Mama Mboje aliniambia kwamba siku hizi unamimina chai pembeni ya kikombe. Yeye alicheka, mimi sikucheka. Macho yako yakoje?

Mpwa wako,
Kija


Bariadi, 2 Machi 2024

Kija, mpwa wangu,

Marahaba. Bibi yako amesomewa mwangaluka yako, salamu ya asubuhi, wakati ni jioni, jua linazama, akasema elimu imeanza kukuharibia saa. Hata hivyo amefurahi, na amekuitikia. Miguu yake inamsumbua lakini mdomo ni mzima. Mboje ni kweli amenenepa. Pamba iliota vizuri, halafu wadudu wakaja nao wakaiona ni nzuri.

Habari ya gari lisilo na injini nimewasimulia mafundi wenzangu, na mmoja alicheka mpaka akazima mashine yake. Anasema gari bila injini ni kitanda. Mimi sikucheka nao sana. Nilikaa nikawaza namna mota inavyoweza kushikana na giaboksi, na nikaona kuwa inawezekana. Ulifanya vema kutaja jina langu mbele ya watu. Ninayo kazi ya madirisha na mageti mpaka nimechoka nayo, na hakuna aliyewahi kuniambia nitengeneze kitu ambacho hakijawahi kuwepo.

Vitanda vimekwisha, navituma pamoja na barua hii. Nimetumia vyuma vya trela lililopinduka, na nimevipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Ila penseli yako haina nguvu. Boksi linalofuata andika kwa ile kalamu nene nyeusi, kwa maana hapa karakanani mwanga ni hafifu.

Habari ya chai ni uzushi wa Mama Mboje. Kikombe kile kimepinda mdomo. Macho yangu ni mazima, naona hata yale ambayo watu hawapendi niyaone.

Vikifika niandikie kama vimekaa sawasawa. Nangoja jibu hilo kuliko unavyodhani.

Mimi mjomba wako,
Masunga


Mbeya, 21 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mdomo wa bibi ni mzima. Hapa nimeugua mafua, yamepita. Tumeanza kuunganisha nyaya, na mwenzetu mmoja alipigwa na umeme kidogo akaruka akakalia ndoo ya grisi, basi tumekuwa na kicheko cha wiki nzima.

Vitanda vimefika. Vilikwama Shinyanga vikingoja gari la Mbeya, lakini vimefika salama. Vimekaa vizuri. Rangi yake kila mtu ameisifia.

Sasa bamba. Boksi lake ni hili, na alama zote nimeziandika kwa kalamu nene. Nina ombi moja, mjomba, na usilichukulie vibaya. Bamba hili halivumilii kosa hata dogo. Mhimili wa mota na ule wa giaboksi ikipishana kidogo tu, kitu kitavunjika. Je, usingelipeleka Binza, pale Maswa, kwa Josia, yule mwenye drili kubwa ya mezani, akakutobolea matundu? Wewe ukate na kusaga, yeye atoboe tu. Ni kwa ajili ya drili, si kwa sababu nyingine.

Uliandika kwamba karakanani mwanga ni hafifu. Mjomba, karakana yako haina ukuta hata mmoja.

Wasalimie wote nyumbani.

Kija


Bariadi, 14 Aprili 2024

Kija,

Marahaba. Hatujambo. Dengu zimepandwa. Ng'ombe mwekundu wa bibi yako amezaa ndama jike, na bibi anataka apewe jina lako kwa sababu anapiga kelele. Nimekataa kwa niaba yako.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikwenda Ipililo na bibi yako kwa shughuli za ukoo. Bibi aliona wazee wetu waliotangulia wamekaa muda mrefu bila kukumbukwa. Tumewakumbuka, na padri akiuliza mwambie hujui kitu.

Chuma cha bamba nimekipata. Ni mguu wa mashine ya kufungia marobota ya pamba, iliyouzwa kama chakavu. Ni kizito na hakina ufa.

Sasa habari ya Binza. Nimesoma ombi lako na nimelilalia, na nimeamka nalo likiwa bado halijanipendeza. Josia huyo nilimwonyesha mimi namna ya kushika panchi ya kutia alama ya tundu. Leo nibebe chuma mpaka Maswa mjini nikamwombe anitobolee, na watu wa stendi wananiona. Kama ni drili, hata yangu inatoboa. Kama ni mimi, sema ni mimi.

Kwa hiyo nakuuliza mara moja, nawe unijibu mara moja. Matundu ya vile vitanda yalikaa mahali pake, au hayakukaa? Kama hayakukaa nitapanda gari nimpelekee Josia, na sitanuna. Kama yalikaa, sitaki tena kusikia habari za Binza.

Masunga


Mbeya, 28 Aprili 2024

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na samahani sana. Matundu ya vitanda yalikaa mahali pake, yote. Habari za Binza tuziache, tena nisamehe kwa kuzileta.

Hapa tunaendelea vizuri. Mvua imepungua, viazi ni vingi na vitamu, na mama tunayekula kwake anatutilia maharage mpaka yanamwagika. Salvatory amechora nembo ya gari. Tumebishana juu ya rangi ya milango mpaka tukanuniana, halafu tukagundua kwamba rangi yenyewe hatuna. Ndama mwambie namsalimia.

Nami nakuuliza mara moja. Ipililo mlikwenda kwa ajili ya nani?

Kija


Bariadi, 26 Mei 2024

Mpwa wangu Kija,

Marahaba mara nyingi. Barua yako ilifika nimeshika chuma mikono yote miwili, basi Mama Mboje ndiye aliyenisomea. Nilimwambia arudie pale kwenye matundu. Akarudia, na nikaagiza nyama.

Sikufichi, nilikuwa na wasiwasi wangu. Mtu akizeeka kazini anaanza kujiuliza maswali. Nilikuwa nimepanga kwenda hospitali kwa jambo dogo, sasa nimeona hakuna haja. Ipililo tulikwenda kwa ajili ya sisi sote.

Bamba ni hili. Nimelifanyia kazi taratibu, bila kuchanganya na kazi ya mtu mwingine. Wateja wa mageti walikuja wakafoka wakaondoka. Kila tundu nililipigia panchi, nikaligusa, nikatoboa. Ukingoni nimegonga jina lako herufi kwa herufi, KIJA, ili hao wenzako wajue limetoka kwa nani na limekwenda kwa nani. Sijapata kutengeneza kitu nikakipenda namna hii. Hata usiku wa mwisho kabla ya kulifunga nililiweka chumbani, Mama Mboje akauliza kama nalo linataka blanketi.

Pamba tumeanza kuchuma. Bibi anakusalimu. Siku gari likitembea, niandikie lilivyolia. Mboje anasema magari ya umeme hayalii, nami nimemwambia kila kitu kinachotembea kina sauti yake.

Mjomba wako mwenye furaha,
Masunga


Mbeya, 7 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Wote nawasalimu. Mimi mwili wangu ni mzima.

Nilikudanganya. Sijui namna nyingine ya kuanza.

Matundu ya vitanda hayakukaa. Karibu yote yalikuwa yamekwenda upande mmoja, kama mtu aliyepiga panchi huku anatazama kwa jicho moja. Nilibaki karakanani peke yangu nikayatanua kwa tupa mpaka bolti zikapita, na wenzangu nikawaambia vimefika hivyo. Kwenye vitanda haikuleta madhara. Uliponiuliza kwa barua yako nikaandika kwamba yalikaa.

Bamba lilikuja na kosa lile lile. Niliona mara tu nilipolilaza juu ya giaboksi. Ningeweza kulifunga kwenye boksi nikalirudisha, lakini jina langu lilikuwa ukingoni na barua yako ilikuwa mkononi. Nikachukua tupa tena. Chuma kile ni kigumu, viganja vyangu vilitoka malengelenge, na matundu yakawa mapana kiasi cha kupitisha bolti. Wenzangu walifurahi. Tukafunga mota.

Siku ya majaribio gari lilikuwa juu ya jeki, magurudumu ya nyuma hewani. Mwanzoni lilizunguka vizuri. Mwendo ulipoongezwa bamba likaanza kutetemeka, na Salvatory akainama kutazama. Kiungo cha katikati, kinachoshikanisha mihimili miwili, kikapasuka, kipande kikaruka kikampiga mkononi chini ya kiwiko. Mfupa umevunjika. Alipiga kelele moja tu, kisha akakaa chini akaushikilia mkono wake, na mimi ndiye niliyekuwa nalia.

Mwalimu alifungua bamba akaona matundu. Aliuliza nani amepiga tupa, nikasema ni mimi. Akaniuliza kwa nini sikusema kwamba halikukaa. Jibu lenyewe ni la nyumbani. Nimeondolewa kwenye kazi ya vyuma. Kama nitabaki kwenye kundi, bado wanajadili.

Wewe nitakuambia kwa nini. Mama yangu alipofariki mkanichukua, na baba yangu alikuwa hajaleta kwenu ng'ombe hata mmoja wa mahari. Watu wa Ipililo walikuwa wakilisema hilo mbele yangu. Nimekula kwako, nimesoma kwa mageti yako. Ningeanzia wapi mimi kukuambia kazi yako imepotoka? Nilifikiri kunyamaza ndiyo heshima. Sasa kuna mtu amevunjika mkono kwa heshima yangu.

Niambie habari za macho yako, mjomba. Tafadhali usiniambie habari za kikombe.

Kija


Bariadi, 18 Agosti 2024

Kija,

Anayeandika ni mimi Milembe, Mama Mboje. Maneno ni ya mjomba wako. Amenikataza kuongeza la kwangu, nami sitaongeza.

Marahaba. Kwanza ni mkono wa huyo kijana Salvatory. Mpe pole yangu, na wazazi wake kama unawafahamu wape pole. Mwambie chuma kile kilitoka kwangu. Usimwachie afikiri kilitoka kwako peke yako.

Barua yako imekaa hapa muda mrefu. Siku aliponisomea mke wangu huyu, nilitoka nikaenda kusimama kwa ng'ombe. Nilikuwa na hasira, na nikijibu na hasira huwa naandika maneno mafupi ambayo baadaye siwezi kuyafuta. Halafu nikaenda hospitali.

Tangu kabla ya Krismasi jicho la kulia lilikuwa linaniibia pembeni. Nikitazama panchi naiona, lakini kilichokuwa kando yake sikioni. Nilijua. Bibi yako naye alijua, ndiyo maana tukaenda Ipililo. Mganga alinipa dawa ya kuoshea, nikaoshea. Nilikuwa naogopa hospitali kwa sababu daktari akishasema kitu, kimeshasemwa. Basi nikajiwekea kipimo changu mwenyewe. Nilisema, vitanda hivi vinakwenda kwa watu wenye vipimo vya chuo, na Kija yuko pale. Kija akisema matundu yamekaa, macho ni mazima na hii ni hofu ya uzee. Akisema hayakukaa, nakwenda hospitali kesho yake. Ndiyo maana nilikuuliza mara ya pili.

Barua yako ya Aprili ndiyo niliyopimia macho yangu.

Daktari anasema ni presha ya macho, na la kushoto nalo limeanza. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinalindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni. Nilimuuliza kama ningekuja mwezi wa nne ingekuwaje. Akasema pangekuwa na kingi zaidi cha kulinda. Nakuandikia hili kwa makusudi, likuume kidogo, kwa sababu mimi limeniuma sana. Nimeshalisema na sitalirudia, wala mtu wa nyumba hii hatalirudia.

Na mimi nilidanganya. Uliniuliza habari za macho, nikakujibu habari za kikombe. Ungekuwa na ujasiri wa kunibishia kama ningekupa njia. Hilo ni langu.

Ila kuna jambo katika barua yako limenikasirisha kuliko tupa. Mboje akipewa ugali ulioungua anausukuma, anasema umeungua, na mama yake anamtukana na wanaendelea kula. Wewe tangu umefika hapa, na ulikuwa mdogo huwezi hata kubeba ndoo, ulikuwa unausifia. Mgeni ndiye anayesifia ugali ulioungua. Miaka yote hii nilidhani una adabu, kumbe ulikuwa hujavua viatu.

Unasema baba yako hakuleta ng'ombe. Nani alikuambia hilo ni deni lako? Sikiliza desturi yako vizuri. Ng'ombe wangekuja, ungekuwa mtoto wa watu wengine, na mimi ningekuona kwenye harusi na misiba. Hawakuja, ndiyo maana wewe ni wetu. Siku mzee wangu alipoambiwa kwamba hawaji, alikasirika mbele za watu, lakini tulipofika nyumbani alikubeba begani akazunguka nawe zizi zima. Sijawahi kukuambia kwa sababu nilidhani unajua.

Sasa kazi. Nimekwenda Binza. Watu wa stendi wameniona na hakuna aliyekufa. Josia ametoboa bamba jipya kwa drili yake, kwa lile boksi lako la kalamu nene. Mimi nilikaa pembeni nikapiga tupa kingo zake kwa kufuata kidole gumba. Nalituma na barua hii. Usilifunge. Mpelekee mwalimu alipime mbele ya wote, halafu niandikie alichokuta. Usiniandikie kwamba limekaa vizuri. Niandikie lilivyo.

Masunga, kwa mkono wa Milembe


Mbeya, 15 Septemba 2024

Mjomba, na Mama Mboje uliyemsomea,

Shikamooni. Bibi mwambieni mwadila, safari hii nimepiga hesabu ya jioni.

Barua yenu niliisoma nyuma ya karakana, pale gari lilipokuwa limelala.  Kuhusu Aprili nimejaribu kuandika mara nyingi na nimechana karatasi. Nitakuwa nayo maisha yangu yote, mjomba, na sikuombi uniondolee.

Salvatory mkono wake unaunga. Nilimfikishia pole yako nikamwambia ukweli wote, na kwamba chuma kilitoka kwako na tupa ilikuwa yangu. Akaniomba nimshikie daftari aandike kwa mkono mwingine. Hatujawa kama zamani. Wamenibakiza kwenye kundi, lakini siruhusiwi kufunga kitu chochote bila mtu mwingine kukikagua, na naona ni haki.

Bamba jipya nilimpelekea mwalimu likiwa bado limefungwa, kama ulivyosema. Amelipima mbele yetu sote. Hivi ndivyo lilivyo.

Tundu moja la upande wa giaboksi limetoka nje kwa unene wa ukucha. Hilo ni la Josia. Mengine yako mahali pake. Ukingo wa chini, pale ulipopiga tupa wewe, umeliwa kupita mstari, na hapo ndipo bamba linapokaa, kwa hiyo linainama. Halifai, mjomba. Mwalimu amelikataa. Aliniuliza mimi naonaje, nikasema hata mimi nalikataa. Bamba la gari litakatwa kwenye karakana ya hapa mjini, na gari litatembea bila bamba lako.

Vitanda vyako vimebaki ndani, na rangi yake nyekundu. Lile bamba la kwanza lenye jina langu waliniachia. Liko mezani kwangu, zito, siwezi kulihamisha bila kuita mtu.

Nimeliandika lilivyo.

Nakuuliza, nawe unijibu. Unaona nini sasa?

Kija


Bariadi, 6 Oktoba 2024

Kija,

Marahaba. Naandika kwa mkono wangu, usijali mistari ikipanda. Mama Mboje ameniwekea rula niifuate.

Barua yako nilisomewa asubuhi. Nilinuna. Chakula cha mchana sikula, na bibi yako akasema niachwe. Jioni nikauliza kama kuna ugali umebaki. Ulikuwa umeungua, nikasema umeungua, tukala.

Ukingo ule nilijua. Kidole kiliniambia na sikutaka kukisikia. Josia nimempa habari za tundu lake, naye amenuna. Tupa zangu nampa Mboje, ingawa hazipendi. Mageti madogo bado nayaweza, nikishikiwa.

Umeuliza ninaona nini. Jicho la kulia, hakuna. La kushoto naona mlango na mwanga wake. Mtu akisimama mlangoni naona kwamba ni mtu, ila ni nani sijui mpaka aseme.

Desemba ukija, usinyamaze mlangoni.

Masunga